Nyanya Nyeusi za Mkunga

Ili ajue kama nyanya imeiva, alikuwa anafumba macho. Alipitisha vidole viwili karibu na kikonyo, akabonyeza kidogo, akasubiri, kisha akasema ama "bado" ama "hii njo wakati yake," yaani wakati wake umefika. Vidole hivyo hivyo vilitupapasa matumbo sisi wanawake wa Kitshanga kwa miaka mingi, na majibu tuliyopewa yalikuwa hayo hayo mawili. Watu walimwita Mama Akusheze, yaani mzalishaji, kwa Kifaransa cha maternite, wodi ya wazazi. Mimi nitamwita Mkunga tu. Jina lake mwenyewe hakupenda litajwe ovyo, na sitaanza kumuudhi leo.

Duka langu lilitazamana na ua wake. Mimi ni mtoto wa Butembo. Ndoa na biashara ya chumvi, sabuni na sukari ndizo zilizonifikisha Masisi, na kama walivyo watu wa kwetu, siwezi kuona kitu kizuri kinatoka mlangoni bila kuuliza kinakwenda wapi. Yeye alikuwa mtu wa milima ile ile, wazee wake walilima pale kabla ya barabara. Kwa hiyo tulibishana kila siku iliyotoka kwa Mungu, na siku tulipokosa kubishana ilijulikana kwamba mmoja wetu anaumwa.

Nyuma ya nyumba yake ya mbao kulikuwa na nyumba nyingine, ya plastiki. Nguzo zilikuwa za mkaratusi, matao ya mianzi, na juu yake plastiki inayopitisha mwanga iliyoletwa kutoka Goma, imefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Aliyeijenga ni binti yake wa pekee, aliyesomea kilimo na kurudi na mbegu kidogo zimefungwa ndani ya kitambaa. Binti aliiita sere. Mkunga aliiita "kwa mwana yangu." Ukibisha hodi na kuuliza yuko wapi, sauti ilitoka nyuma: "Niko kwa mwana yangu, pita." Wageni walidhani kuna mtu anaishi humo.

Haikuwa tena hivyo. Yule binti alichukuliwa na homa akiwa Goma, haraka, kabla mama yake hajapata habari kwamba anaumwa. Mkunga alinieleza jambo hilo mara moja tu, akiwa anafunga mche wa nyanya kwenye kijiti, bila kunitazama.

"Nilipokea batoto ya bantu yote hapa," alisema. "Ya kwangu ilienda na sikukuwa pale."

Halafu akaniuliza kama sabuni ya kipande imepanda bei. Ndivyo alivyokuwa.

Nyanya zile, basi, ndizo zilizobaki za binti, na yeye alijua hivyo na sisi tulijua hivyo. Zilikuwa nyeusi. Si nyeusi kama mkaa. Zilikuwa na rangi ya ini la mbuzi lililotolewa sasa hivi, na mabega yake yalibaki ya kijani hata zikiiva. Ukikata ndani unakuta wekundu mzito unaokaribia kahawia. Ladha yake sijui niieleze vipi. Ilikuwa na chumvi yake yenyewe, na utamu uliokuja nyuma, polepole, unapodhani umekwisha kumeza.

Mwaka wa kwanza Mkunga alipeleka beseni zima sokoni na kurudi nalo. Watu walisema zimeoza. Waliomwonea huruma wakanunua mbili tatu, wakaziweka dirishani ziwe nyekundu kwanza, na zikaozea dirishani zikingojewa. Hata mimi, na ujanja wangu wote wa Butembo, niliweka moja juu ya kabati la duka na kumwambia kila mteja kwamba karibu itaiva. Mkunga aliiona pale, imekunjamana, nzi wanaizunguka. Aliichukua, akaenda nayo, na kwa muda mrefu baadaye kila nikimuuliza swali la kijinga alijibu, "Weka juu ya kabati, itaiva."

Asubuhi za Masisi zina ukungu mzito, ng'ombe wanapita kwenye mteremko na wewe unasikia kengele tu. Ndani ya nyumba ile ya plastiki ukungu ulibaki nje, lakini haukwenda mbali. Uliegemea kuta, mweupe, na mwanga ukapita ndani yake kama kupitia maziwa. Matone yalikusanyika juu ya matao na kudondoka moja moja. Kulikuwa na joto la kitandani. Harufu ya majani ya nyanya ilikamata mikono na nguo, na sauti za mtaani, pikipiki, mtu anayeita kuku wake, zilifika zimelainika kana kwamba zimetoka mwaka mwingine. Watu walipopita nje walikuwa vivuli virefu visivyo na uso. Nilikuwa ninakaa juu ya kidumu kilichopinduliwa, nikisahau duka. Mara nyingine niliona kivuli kimesimama pale plastikini, nikadhani kitaingia, na Mkunga naye aliinua kichwa, akatazama, kisha akarudi kwenye majani yake. Hatukuwahi kusemezana kuhusu hivyo vivuli. Nilikuwa na furaha mle ndani, na sioni haya kusema.

Usidhani alikuwa mtu laini. Kwenye maternite aliwapiga makofi ya paja wanawake waliopiga kelele kabla ya wakati. "Haraka iko ya mutoto," alisema, "hapana ya mama." Kwangu dukani alipima chumvi kwa macho hadi punje ya mwisho, akagonga kopo ili nijaze tena. Sukari aliiita kitu cha wavivu. Hakumpa mtu kiazi, hakumkopesha mtu jembe. Aliogopa pikipiki kuliko risasi. Risasi zikilia aliendelea kuchota maji, lakini pikipiki ikimkaribia aliingia mtaroni na kusimama humo mpaka ipite. Alipanda milima kwa miguu kwenda kuzalisha mahali ambapo vijana walikataa kwenda.

Na kitu kimoja kilinishangaza kila mara. Mtoto akishampokea, akishamkata kitovu na kumfuta, alimpa mtu mwingine haraka. Hakubeba, hakubembeleza. Mikono yake ilikinga, ikapokea, ikatoa. Nilipozaa kitinda mimba wangu nilimwambia, "Mama, umubebe kidogo, naye akujue." Akasema, "Atanijua njiani." Akatoka.

Alirudi jioni na nyanya nyeusi moja, nzima, imepanguswa mpaka inang'aa, akaniwekea kiganjani.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Sijui nani alianza kusema kwamba nyanya zile zinaongeza damu. Kwetu kila kitu chekundu kizito kinaongeza damu, mchicha wa lengalenga, majani ya viazi vitamu, maji ya maharage, na mtu alipoona juisi yake nyeusi akasema hii basi ni damu yenyewe. Mkunga hakukubali wala kukataa. Ila tangu hapo kila mwanamke aliyejifungua mikononi mwake alipewa moja siku ya kurudi nyumbani. Na haikuwa nyanya yoyote. Mzazi anapewa kilicho bora, hiyo ni sheria ya milima yote hii. Jogoo mnono, maziwa ya asubuhi, ndizi ya mkungu wa kwanza. Mkunga alifumba macho, akapapasa mti mzima, akachuma iliyo kubwa kuliko zote na nyeusi kuliko zote. Na ilitolewa nzima, kwa sababu mzazi hapewi kitu kilichokatwa. Ukimpa kilichokatwa umeyakata maziwa.

Hapo ndipo ugomvi wetu mkubwa ulipoanzia. Binti yake, kabla hajafa, alikuwa amemuonya kuhusu mbegu. Mimi mwenyewe nilimsikia, nikiwa nimekaa juu ya kidumu changu.

"Mama, ile ya kwanza, ile nzuri kupita yote, hapana kula, hapana kupana. Ile njo mbegu. Ukipanda mbegu ya zile za mabaki, kila mwaka itashuka."

"Nimesikia," Mkunga alijibu.

Alisikia kweli. Lakini wanawake hawakuacha kuzaa. Kila nyanya bora ilipofika wakati wake, kulikuwa na mama anayerudi nyumbani siku hiyo, na mkono wa Mkunga ukaenda kwa mama. Mbegu akakamua kutoka kwenye zilizobaki, zile ndogo, zile zilizopauka ambazo aliona haya kumpa mzazi. Tena mlangoni mwa sere alikuwa amepanda nyanya za kawaida, nyekundu, za mboga yake, kwa kuwa nyeusi hazikuwa za mboga. Plastiki ilichanika pembeni, nyuki wakaingia na kutoka, na nyuki hawakufundishwa katekisimu. Walitembelea nyeusi na nyekundu bila kubagua.

Kwa hiyo kila msimu zilififia. Mwanzoni ni mimi niliyeona, kwa jicho la biashara. Kisha naye akaona. Nilimkuta ameishika moja dhidi ya mwanga wa plastiki, anaizungusha.

"Iko inaanza kuwa nyekundu," alisema.

"Si nilikuambia? Weka moja tu, Mama. Moja kwa mwaka. Muzazi mumoja atarudi na ya pili kwa uzuri, hatakufa."

"Utamuchagua nani? Weye?"

"Basi ikate mbili. Mbegu kwako, nyama kwake."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia tusi kanisani. "Muzazi hapewake kitu ya kukatwa. Weye ulipewa ya kukatwa?"

Sikupewa. Nililalia kitanda changu nikaila nzima na chumvi kidogo, juisi ikanitiririka mpaka kwenye kiwiko, na ninakumbuka nilijiona malkia. Lakini ilikuwa vigumu kumtazama. Alijua kwamba kila anapotoa, kile kitu cha mwisho cha mtoto wake kinapungua, na bado mkono wake ulitoa. Alikonda msimu ule. Siku moja alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Iko inaniacha mara ya pili." Nikalia mimi, yeye akaendelea kumwagilia.

Kisha vita ikafika karibu. Wale wasiojua kwetu watanisamehe, sitaieleza. Wanaojua hawahitaji maelezo. Watu wa vijiji walijaa Kitshanga, wakajenga vibanda vya majani na vitambaa, na mvua ya Masisi, ambayo haipiti bali inahamia, ikawakuta humo. Mwanamke mmoja akajifungulia kwenye matope. Mkunga alimpokea mtoto, akampa mtu mwingine kama kawaida yake, akarudi nyumbani, akachukua kisu. Nilimuona kutoka dukani. Alikata mipira ile, akavuta plastiki ya binti yake, akaikunja kama shuka, akampelekea yule mama wa matope. Ile ya paa lote. Nyanya zikabaki zimesimama nje, uchi, na ndani ya juma moja ugonjwa wa mvua uliunguza majani yote yakawa meusi. Alikuwa amekamua mbegu za mwisho, akazifunga kwenye ncha ya kitenge.

Siku tulipokimbia, nilimuona juu ya pikipiki. Yeye, aliyeingia mtaroni maisha yake yote. Alimshika motari, mwendeshaji wake, kiunoni kwa mikono miwili, macho yamefumbwa kabisa, na ncha ya kitenge ameiuma kwa meno. Wao wakaelekea upande wa Walikale. Mimi nikaenda na watoto kwetu Butembo.

Muda ulipita. Biashara hainiachi nami siiachi, nikaanza tena kupeleka chumvi na sabuni mpaka Pinga, nikisafiri mwenyewe nyuma ya pikipiki za mizigo, kwa sababu chumvi isiyo na mwenyewe hufika imelowa. Motari mmoja akaniambia kwamba Mama Akusheze yuko Kibua, anazalisha kwenye kibanda karibu na kanisa. Nikamtuma na salamu na kipande cha sabuni. Akarudi na jibu fupi.

"Alisema aksanti ya sabuni. Alisema tena, ile mbegu alipanda. Ilitoka nyekundu yote. Alisema nikuambie tu hivi, ilikwisha."

Nilikaa juu ya magunia yangu na sikuweza kuuza kitu mchana ule.

Safari iliyofuata, nikiwa Pinga, mteja wangu mmoja alinikaribisha maharage nyumbani kwake. Ni mama wa shamba, mcheshi, mwenye binti mrefu aliyekuwa anaosha sahani. Nilikwenda kunawa nyuma ya jiko. Pale, chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo mvua haifiki na ukuta wa udongo unapata joto la moto wa ndani, mche wa nyanya ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye nguzo. Juu yake zilining'inia nyanya zenye rangi ya ini. Mabega ya kijani. Nilisimama na maji yakidondoka mikononi, na nilihisi ule ukungu mweupe umeniegemea mgongoni.

"Mama," nikasema, "hii tomati ulitoa wapi?"

"Hii? Njo iko inajiotesha yenyewe hapa kila mwaka," alijibu. "Alinipatiaka Mama Akusheze wa Kitshanga, wakati nilienda kuzala huyu." Akamuonyesha binti mrefu kwa kidevu. "Sikuikulia kule. Nilisema nitaifikisha ku nyumba, mama mukwe aone vile balinipokea muzuri. Niliikulia hapa ku mulango ya jiko. Mbegu ilianguka, basi. Bajirani nao banakuyaka kuomba."

Nilifumba macho. Nikapapasa moja moja, vidole viwili karibu na kikonyo. Bado. Bado. Bado. Moja ikalegea kidogo chini ya vidole. Nikaichuma, nikaitia kwenye kopo la maziwa pamoja na majani makavu ya mgomba, na njia yote ya matope mpaka Kibua nililishika kopo lile mapajani, nikimkaripia motari kila shimo.

Nilimkuta amekaa mlangoni mwa kibanda, anachambua maharage. Alikuwa amezeeka kwa haraka, mabega yameingia ndani. Alipandisha macho.

"Mama Butembo," alisema. "Uliacha duka na nani?"

"Nimeleta ile ya juu ya kabati," nikajibu. "Imeiva."

Nikafungua kopo. Hakuichukua mara moja. Alipangusa mikono kwenye kitenge, pande zote mbili, kisha akaipokea na kufumba macho. Vidole vikapita karibu na kikonyo. Nilimweleza habari ya Pinga, mama yule, binti mrefu, ukingo wa paa, majirani wanaoomba. Alisikiliza bila kufumbua. Jua la Walikale liko tofauti na letu, ni la njano na linatoka chini ya miti mikubwa, na uso wake ulikuwa ndani yake.

"Hii njo wakati yake," akasema mwisho.

Ndani ya kibanda mtoto mchanga akalia. Nilikuwa sijajua kwamba kuna mtu. Mkunga akafumbua macho, akageuza kichwa, na nilijua kabla hajainuka.

"Mama, hapana," nikasema. "Leo hapana. Nakuomba."

"Alizala asubuhi," alisema. "Damu ilienda mingi."

Akaingia. Nikamfuata, nimekasirika mpaka machozi yananitoka. Msichana mdogo wa umri alikuwa amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, mtoto yuko mapajani mwa shangazi yake. Mkunga akapangusa nyanya mpaka ikang'aa, akamwekea kiganjani, nzima.

"Kula, mwana yangu. Iko ya damu."

Msichana akaiangalia, akaigeuza, akaiuma. Juisi nyeusi ikaruka, ikatiririka kidevuni. Na Mkunga, badala ya kutoka kama desturi yake, akapiga magoti mbele yake, akaunganisha viganja viwili, akavikinga chini ya kile kidevu. Matone yakaanguka humo na mbegu ndani yake, ndogo, za manjano, zinateleza. Hakuondoa mikono. Nilikuwa nimeiona mikono ile imekaa hivyo hivyo mara nyingi, hata chini yangu mimi.

Msichana akacheka, mdomo umejaa. "Mama, uko nakinga nini?"

"Niko napokea mwana yangu," alisema Mkunga.

Yule msichana akaacha kucheka. Akasogea mbele, akainamisha uso juu ya viganja vile, na akauma tena, polepole.